Kiporo

Kipande cha utumbo wa Bi Mize Khatib
kilinifikia ndani ya kichupa, lebo kwa penseli:
Wete, miaka sitini na miwili, utumbo mpana, kushoto.
Nikakizamisha katika nta,
nikakikata chembamba kuliko ganda la kitunguu,
nikakitia rangi, nikainamia hadubini.
Nje jenereta la hospitali lilikuwa likikohoa.

Hadithi ya nyumba yake niliijua kabla ya utumbo wake.
Mwaka wa foleni, unga ukipimwa kwa kopo,
mamake alifumua mapazia akashona nepi,
akapasua kitanda cha marehemu mumewe
akapikia muhogo.
Kisha mlango wa uani. Kisha kinu kilichopasuka.
Hakuna aliyesema nyumba inabomoka.
Walisema: yule mwanamke anajua kuishi.

Seli nayo huishi hivyo.
Ndani yake yumo mkusanyaji asiyelala:
huviringishia utando kila kilichochakaa,
protini iliyopinda, tanuri dogo lililozimika,
hukipeleka penye tindikali kikavunjwavunjwa,
kikarudi jikoni kwa jina jingine.
Siku ya njaa kazi huzidi.
Seli hujila yenyewe, kidogo, kwa adabu,
na katika utumbo, njia ya kila tunachomeza,
usafi huo ni bawabu.
Taka zisipotolewa hushika moto,
na moto huunguza maandishi ya seli,
herufi hapa, herufi pale,
mpaka siku moja sentensi inasoma: ota, usikome.

Nilimweleza haya barazani kwake
naye akishona kofia, tobo baada ya tobo.
Akauliza bila kuinua macho:
"Basi huko kujila ni dawa au ni maradhi?"

Bi Mize,
kwa swali lako watu wamekesha miaka
na jibu bado halijakaa kitako.
Kabla ya uvimbe, aghalabu ni dawa.
Uvimbe ukishaota,
mwizi kahamia ndani, na kajifunza ubahili wa mamako.
Kule katikati damu haifiki,
hewa haba, sukari haba. Pale angekufa.
Hafi.
Anapasua kitanda, anakoka moto.
Tukimmiminia sumu ya dripu
anafagia vifusi, anakula kiporo, anangoja.

Sindano ikasimama.
"Kumbe kaniibia hata umaskini wangu."

Nikamkumbusha vidonge vya homa, klorokwini,
vile vichungu vilivyotuwasha utotoni
tukajikuna kwa magunzi usiku kucha.
Wapo wanaovijaribu, nikamwambia,
wapoze ile tindikali, jaa lifurike,
mwizi afie katika taka zake.
Wapo wanaohofu:
ukiziba jaa la mwizi, umeziba na la mwenye nyumba.
Sikumwahidi kitu. Mimi ni mtu wa vioo.
Wahenga walituambia kikulacho ki nguoni mwako;
nguo hii haina kifungo, haina upindo,
na mwenyewe hajui pa kuivulia.

Alikosea safu ya tatu. Akaifumua yote,
akauviringisha uzi kwenye kopo la maziwa
penye nyuzi za kofia za miaka thelathini.
Ijumaa anavuka kwenda Unguja, halafu Dar,
na mwanawe Haroub ameshauza mikarafuu miwili.

Kabla sijaondoka akaniletea wali wa jana,
kaupasha kwa tui jipya.
Yeye hakuketi.
"Kula wewe. Mie ndani mna anayekula."

Nikala.
Wali ulikuwa na harufu ya moshi,
na chini, palipoungulia, ulikuwa mtamu.